Mistari Miwili Mitupu

Jumamosi iliyopita, kabla chai yangu haijapoa, binti wa jirani hapa Satellite, Nairobi, alibisha mlango akiwa na karatasi mkononi. Yuko mwaka wa pili wa shahada ya hisabati, na karatasi yenyewe ilikuwa fomu ya kujiandikisha uniti za mwaka wa tatu. Aljebra, uwezekano, milinganyo, takwimu: zote zilikwisha pigwa chapa na idara, hazikuhitaji maoni ya mtu. Chini kabisa palikuwa na mistari miwili mitupu, na juu yake maneno machache: masomo ya hiari, nje ya idara.

"Anko, niandike nini hapa?"

Kwao kura zilikuwa zimeshapigwa. Baba yake, anayechonga makochi kando ya barabara pale Dagoretti Corner, anataka kompyuta, kwa kuwa hata makochi siku hizi wateja huyachagulia kwenye simu. Mama yake ni mweka hazina wa chama na amechoka kubishana na wanachama juu ya riba, anataka uhasibu. Wenzake darasani wana ushauri mwepesi zaidi: chukua uniti ya mhadhiri fulani, mitihani yake midogo, zile CAT, hurudiwa mwaka hadi mwaka, A haikosi. Yeye mwenyewe alisema jambo moja tu, tena kwa sauti ya chini kama anayekiri kosa. Anapenda mashairi.

Nikammiminia chai. Mimi pia nilisoma hisabati, zamani, na mstari kama huo niliujaza vibaya.

Kwanza alitaka kujua kwa nini mistari ni miwili tu. Nikamwambia ashukuru, wapo wanaosoma hisabati na "hiari" yao ni kuchagua kati ya takwimu na hisabati tumizi, yaani kuhama chumba ndani ya nyumba ileile. Chanzo chake ni cha zamani. Chuo kilichofunguliwa hapa mjini mwaka 1956 kikiitwa Royal Technical College kiligeuka Royal College mwaka 1961, kikawa kinaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Na mtindo wa Waingereza ulikuwa huo: unaingia idarani, unafunga mlango, unatoka baada ya miaka mitatu ukiwa unajua jambo moja sana. Wamarekani walishika njia nyingine, ya kumzungusha mwanafunzi uwanja mzima kabla hajatulia. Hapa kwetu utaiona njia hiyo Daystar au USIU. Vyuo vya umma shina lao ni la Kiingereza, hata baada ya Nairobi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Baadaye yakaja masomo ya pamoja kwa wote, kama stadi za mawasiliano na misingi ya falsafa, ambayo wanafunzi wengi huyapita kama makanga apitavyo steji isiyo na abiria.

Ajabu ni kwamba barabara inayopita hapa kwetu inaonyesha kuwa mambo yanaweza kupangwa vingine. Ukisimama steji ya Satellite, Barabara ya Naivasha inakupa pande mbili. Upande mmoja unarudi Dagoretti Corner na Ngong Road hadi mjini, na ukishavuka mji unafika Chiromo, kwa wanahisabati wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Upande wa pili unakwenda Uthiru, unakutana na Waiyaki Way, na ukiifuata unafika Kikuyu, kwenye kampasi ya elimu ya chuo hichohicho. Huko Kikuyu, anayetaka kuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari hawezi kutoka na hisabati peke yake. Lazima awe na somo la pili la kufundisha: tuseme jiografia, au masomo ya biashara. Huyu wa Chiromo, ambaye hakuna mtu anayejua atafanya kazi gani, ndiye anayeachwa na somo moja.

Wala kuta za idara hazikushuka kutoka mbinguni. Mnamo 24 Oktoba 1968, katika kampasi kuu pale University Way, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, mahali pake paanzishwe idara itakayoiweka Afrika katikati. Ndivyo ilivyopatikana Idara ya Fasihi. Sina habari ya mwanahisabati aliyewahi kuandika waraka wa namna hiyo juu ya idara yake. Sisi ni watu wa kufuata masharti ya swali.

Binti akasema hayo ni ya wakubwa, yeye anataka jina la kuandika. Nikamwambia nitampa mawili, lakini ni ya watu.

La kwanza ni George Saitoti. Kizazi cha binti huyu kinamfahamu kama waziri aliyekufa helikopta ya polisi ilipoanguka msitu wa Kibiku, Ngong, tarehe 10 Juni 2012. Mbali kidogo tu na hapa tulipokuwa tukinywa chai. Kabla ya siasa alikuwa mwanahisabati kamili. Alisoma shule ya msingi ya Ololua, kulekule Ngong, kisha Mang'u, na mwaka 1963 akapata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Brandeis, karibu na Boston. Angekwenda London pengine angefungiwa ndani ya hisabati. Brandeis ni chuo cha Kimarekani, kwa hiyo alitoka mwaka 1967 akiwa na shahada ya hisabati na uchumi kwa pamoja. Halafu akavuka kwenda Uingereza, Sussex kwanza, kisha Warwick, akapata udaktari mwaka 1972 katika topolojia ya aljebra, tawi ambalo hata wanahisabati wenyewe hulitazama kwa mbali. Akarudi kufundisha Nairobi. Mwaka 1976 alikuwa miongoni mwa waliouanzisha Umoja wa Wanahisabati wa Afrika.

Mwaka 1983 Rais Moi alimteua kuwa mbunge, akampa Wizara ya Fedha. Huko hakuna mtu anayeuliza habari za topolojia. Siasa zake zina mabishano yake na sitaki kuyafungua kwenye meza ya chai. Ninachokiona ni kwamba ule uchumi wa ujanani, uliokaa kimya miaka 16 huku mwenyewe akihangaika na maumbo yasiyoonekana, ndio uliokuwa karibu zaidi na meza aliyokuja kuikalia.

Jina la pili ni Henry Odera Oruka, ambaye alikwenda upande wa kinyume. Alipelekwa Uppsala, Sweden, kusomea sayansi: hali ya hewa, upimaji wa dunia, mambo ambayo serikali changa iliyahitaji. Akachukua falsafa pembeni. Pembeni ikameza katikati. Alirudi Nairobi akawa mmoja wa waliojenga Idara ya Falsafa, na akaanzisha mradi uliompa jina duniani: kuwaendea wazee vijijini, wengine hawajui kusoma, na kuwahoji kama mtu anavyomhoji mwanafalsafa, ili kuonyesha kuwa fikra pevu haikuanzia kwenye vitabu vya Wagiriki. Alifariki mwaka 1995. Nikimfikiria naona bado mkono wa mwanasayansi: wengine walikuwa wakibishana ofisini kama falsafa ya Kiafrika ipo au haipo, yeye akabeba kinasasauti akaenda kutazama.

"Kwa hiyo naweza kuishia kuacha hisabati?" binti akauliza. Nikaona jicho lake limeng'aa, nikakumbuka kuwa baba yake ndiye anayelipa karo. Nikabadilisha mada.

Nikamsimulia kosa langu. Nilipokuwa mwaka wa tatu nilichukua sosholojia kwa sababu ambayo naona haya kuitaja: mtihani wake ulikuwa wa kwanza kwenye ratiba, nami nilitaka nimalize niwahi nyumbani. Sikusoma kitabu hata kimoja hadi mwisho. Halafu alama zikapotea. Chuo chenyewe sitakitaja, na sina haja, kwa sababu komredi yeyote wa nchi hii anajua maana ya alama kupotea. Uniti za idara yako zikipotea, karani anakujua kwa sura. Uniti ya idara ya watu haina mwenyewe. Ofisi ya kwanza inasema karatasi zilishapelekwa, ya pili inasema hazijafika, na wewe unakuwa tarishi kati yao. Nilizunguka miezi mitatu. Ushauri wangu wa kwanza wa maana kwa binti ulikuwa huu, nao haumo katika kitabu chochote cha hisabati: tunza kila CAT iliyosahihishwa, piga picha orodha ya mahudhurio yenye sahihi yako, jua jina la karani wa idara ya pili kabla hujajua jina la mhadhiri.

Ipo na ratiba. Kutoka Chiromo hadi kampasi kuu ni mwendo wa dakika 20 hivi kwa miguu, ukipita Museum Hill chini ya ile barabara ya kulipia, mvua ikinyesha ni zaidi. Kipindi cha Chiromo kikiisha saa nne na cha huko kikianza saa nne, umekosa utangulizi wa kila somo kwa muhula mzima. Afadhali somo la pili kwa mapendeleo yako lakini unalolifikia kwa wakati.

Lakini adhabu halisi ya sosholojia yangu haikuwa zile alama. Ilikuja miaka kumi baadaye, nikiwa mwandishi, nilipotumwa kuandika juu ya kodi za nyumba Kawangware. Nilikuwa na namba tele. Wastani nilijua kuutoa, mchepuko nilijua kuutoa, na nilisimama mbele ya mlango wa mpangaji nisijue la kumuuliza. Niliuliza analipa ngapi, akanijibu, tukatazamana. Mwenzangu aliyesoma sosholojia sawasawa angemuuliza analipwa lini, nani mwingine analala humo, na mwenye nyumba akija kodi haijatimia nani hutumwa kwenda kumtuliza. Hisabati ilinifundisha kujibu. Maswali yanatoka kwa wenyewe, kila idara ina yake, na hayaazimwi kwa wiki moja.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaochukua kipande huku na kipande kule, utangulizi wa hiki na utangulizi wa kile. Uniti ya utangulizi hukupa msamiati tu. Ni ile ya pili, inayoitegemea ya kwanza, ambamo unaanza kukosea makosa ya maana. Mistari miwili, nikamwambia, yote iende mlango mmoja.

Sasa mlango upi? Kompyuta ya baba niliiondoa mezani, si kwa dharau. Ngong Road hii yetu ndiko ilikofunguliwa iHub, kituo cha vijana wa kompyuta, mwaka 2010, na tangu siku hizo kila mzazi wa upande huu wa mji ana mtoto wa jirani aliyetajirika kwa kuandika programu. Anayemaliza hisabati leo bila kujua kuandika programu amejitakia taabu. Lakini hilo ni kama viatu. Utavaa kwa vyovyote, utajifunza katika takwimu, utajifunza usiku kwa simu, utajifunza kazini. Usiutumie mstari wa nje kununua kitu ambacho nyumba yenyewe inakulazimisha uwe nacho. Uhasibu wa mama nao ni kazi njema, ila kwa mtu wa hisabati ni ujirani wa karibu mno. Riba ya chama ataipiga hata leo. Nikampa hesabu yenyewe aifanye palepale, akaimaliza kabla sijapata sukari.

Biolojia ndiyo niliyomsukumia kwanza, na bado naiona bora kwa wengi. Majengo yako Chiromo hukohuko, hakuna kukimbizana na ratiba. Na kuna hadithi ambayo mtoto wa Afrika Mashariki hana budi kuijua. Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza huko India, ndiye aliyemwona mdudu wa malaria ndani ya mbu mwaka 1897, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wengi wanaishia hapo. Ross mwenyewe aliipenda mno hisabati, na waliompinga walikuwa wakisema kupigana na mbu ni kupoteza wakati kwa sababu hawamaliziki. Akakaa akaandika milinganyo, akaitoa kitabuni mwaka 1911, ikionyesha kuwa hakuna haja ya kuwamaliza. Wakipungua chini ya kiwango fulani, kila mgonjwa ataambukiza chini ya mtu mmoja, na ugonjwa utakwisha wenyewe hata kama mbu wachache bado wanaimba masikioni. Chandarua kinachogawiwa kliniki kina hesabu hiyo ndani yake. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, na wenzao walioko Kilifi tangu mwaka 1989 wanahitaji watu wa namna hii: wanaoweza kusoma mlinganyo na pia wanajua mbu hutaga wapi.

Akasikiliza kwa adabu. Wajua mtu anayekusikiliza kwa adabu. Nikamwuliza mashairi gani.

Ya Kiswahili, akasema. Alifundishwa vina na mizani shule ya upili, na kilichomvutia ni kuwa mwalimu alikuwa akihesabu kwa vidole. Hapo nikajilaumu kwa kupoteza nusu saa kwa mbu.

Hesabu na ushairi havikukutana jana. Washairi wa India ya kale, wakihesabu njia za kupanga silabi fupi na ndefu katika mstari, waliufikia ule mfuatano wa namba ambao Wazungu huuita kwa jina la Fibonacci, karne kadhaa kabla kitabu chake cha mwaka 1202. J. M. Coetzee, mshindi wa Nobel ya fasihi mwaka 2003, alipata shahada ya heshima ya Kiingereza mwaka 1960 na ya hisabati mwaka 1961, zote Cape Town, akafanya kazi ya kuandika programu London, kisha akaenda Texas kuandika tasnifu ya udaktari akipima mtindo wa Samuel Beckett kwa takwimu. Lakini Coetzee na Wahindi wako mbali. Sisi tuna kipande cha mizani nane, yaani silabi nane.

Nikageuza fomu, nikaandika nyuma yake kwa penseli. Tuseme maneno yako yana silabi mbili au tatu tu. Kipande cha mizani nane utakigawa kwa njia ngapi? Akafikiri kidogo: nne. Mbili mara nne; au mbili, tatu, tatu, na hilo la mbili unaweza kuliweka mwanzo, kati au mwisho. "Kalamu yangu nikupe" ni tatu, mbili, tatu. Ukiruhusu maneno ya silabi nne? Akachora, akafuta, akachora: njia zinakuwa nane. Nikamwuliza sasa lile ambalo mimi silijui. Kati ya hizo nane, Shaaban Robert anazipenda zipi? Watunzi wa tenzi za Lamu na Pate je? Mtunzi anayeandika kwa ajili ya kuimbwa na anayeandika kwa ajili ya gazeti, wanagawa sawasawa? Hapo milinganyo haisaidii. Inabidi uketi na tenzi, ujifunze maneno ya Kiamu usiyoyajua, umsikie mwimbaji anavuta pumzi wapi. Inabidi uende Idara ya Kiswahili, ukae nyuma, na kwa muhula mmoja uwe mjinga kuliko wote darasani.

Hilo la mwisho ndilo linalowatisha wanahisabati. Wamezoea kuwa werevu wa shule. Katika insha ya fasihi hakuna mahali pa kuandika "imethibitishwa" ukapiga mstari, mhadhiri atakuandikia pembeni "kwa nini?" na ukijibu atakuandikia tena. Nimewaona wakirudi kutoka huko na C na hasira. Baadhi yao, wakiandika tasnifu ya hisabati miaka miwili baadaye, ndio pekee ambao msomaji anaelewa ukurasa wao wa kwanza.

Mwaka 2025 nchi ilibishana kama wanafunzi wa shule ya upili ya juu walazimishwe kusoma hisabati. Mwezi wa Aprili wizara ikakubali: wote wataisoma, wa sayansi ile nzito, wengine nyepesi. Nadhani waliamua vyema. Katika kelele zote hizo sikusikia hata mtu mmoja akiuliza swali la upande wa pili, kwamba wale wa hisabati nao wasome nini cha wengine.

Mama yake akapiga simu kuuliza kama mtoto amepotea. Binti akakunja fomu, mistari bado mitupu, akaaga. Kutoka mlangoni nilimsikia akimwambia mama yake kwenye simu kwamba Anko hajasema kitu cha maana, ameongea tu.

Saa tano usiku ujumbe ukaingia.

"Anko, tulisahau maneno ya silabi moja. Nikiyaongeza, njia zinafika 108. Lakini mojawapo ni na na na na na na na na. Nani ataimba hiyo? Nataka kuhesabu zile zinazoimbika tu, na sijui nianzie wapi."

Chini yake palikuwa na picha ya fomu. Mistari yote miwili ilikuwa imejazwa.

Nikaketi kitandani, nikawasha taa, nikaanza kuzihesabu zile 108 kwa vidole.